Skuta si boda, acheni kuitilia oili ya boda

Wasee wa skuta, tuongee ukweli. Ukifika kwa fundi useme tu "nibadilishie oili," atakuwekea ileile anayowekea boda zote. Mimi nasema hapo unacheza na injini yako.

Iko hivi. Kwa boda, klachi inaogelea ndani ya oili ya injini. Ndiyo maana chupa yake huandikwa JASO MA, yaani oili ambayo haiteleshi klachi. Skuta ya otomatiki klachi yake ni kavu, iko kule nyuma karibu na gurudumu, na oili ya injini haiifikii. Kwa hivyo nyingi zinafaa JASO MB, ambayo inapunguza msuguano na injini inazunguka kirahisi. MA haitaiua skuta yako. Lakini MB ukimpea beste yako wa boda, klachi yake itateleza.

Halafu kuna namba. Kitabu cha skuta kikisema 10W-30, usikubali 20W-50 eti "nzito ndiyo hukaa." Asubuhi ya baridi, oili nzito hutembea polepole, na injini inasagika ikiingoja.

Pia, skuta nyingi ndogo hazimalizi lita nzima. Pima na kijiti, usimimine chupa yote. Na oili ya gia ni tofauti, iulizie.

Fundi ni mtu wetu, namheshimu. Lakini injini ikikufa, pesa ya kuifufua inatoka kwa mfuko wako, si wake. Soma chupa kwanza.