Mzazi anapojifunza gitaa, watoto wanajifunza nini?

Katika nyumba nyingi, kujifunza ni kazi ya watoto. Jioni ikifika, mtoto ndiye anayekaa na daftari, ndiye anayeulizwa maswali, ndiye anayekosea na kuambiwa arudie. Mzazi anakaa upande wa pili wa meza kama mtu aliyekwisha kuhitimu kila kitu. Wapo watoto wanaofika kidato cha nne bila kumwona baba au mama akishindwa jambo, akalirudia, akashindwa tena, kisha akalipata.

Ndiyo maana baba wa miaka 40 anayelitoa gitaa uvunguni na kuamua kujifunza wimbo mgumu anafanya kubwa kuliko anavyodhani. Yeye anaona anajifunza muziki. Watoto wake wanaangalia mtu mzima hufanya nini pale mambo yanapomkatalia.

Mfano mzuri ni “Masanga”, wimbo wa Jean-Bosco Mwenda kutoka Katanga, nchini Kongo. Ulirekodiwa mwaka 1952 na mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, katika mji wa Jadotville ambao siku hizi unaitwa Likasi. Mwenda alipiga gitaa kavu peke yake, bila bendi. Anayeusikia kwa mara ya kwanza anaweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili. Kumbe ni vidole viwili tu vya mkono wa kulia: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene za besi, na kidole cha shahada kinacheza kwenye nyuzi nyembamba.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kila kidole kina njia yake na hakitakiwi kumfuata mwenzake. Ni kama kuambiwa utwange kwa mkono mmoja huku mwingine unapepeta. Aliyezoea kushika kodi tatu na kuimba nyimbo za kwaya atakwama hapa, hata kama amepiga gitaa miaka kumi.

Kosa la wengi

Wapigaji wengi wa nyumbani hukosea kwa namna moja. Wanaanza mwanzo wa wimbo, kwa kasi ileile ya Mwenda. Wakifika mahali pagumu wanaanguka. Wanarudi mwanzo, wanaanguka palepale. Baada ya mwezi mmoja wanazijua vizuri sana sekunde kumi za kwanza, na hawajui kitu kingine. Tena vidole vimekwisha kulizoea kosa, kwa sababu vidole havichagui: kinachorudiwa mara nyingi ndicho vinachokishika, kiwe sahihi au kibovu.

Njia inayofaa ni ya polepole. Wimbo unakatwa vipande vya sekunde tano au sita. Kwanza gumba peke yake, mpaka liende bila kufikiriwa. Kipimo chake ni rahisi: kama baba anaweza kujibu “kanda mbili zangu ziko wapi?” na besi isikatike, gumba limeiva. Ndipo kidole cha shahada kinaongezwa, sauti moja baada ya nyingine.

Simu inasaidia. YouTube ina sehemu ya kupunguza kasi ya video hadi nusu au chini ya hapo, na sauti haibadiliki kuwa nzito. Kasi inapandishwa kidogo pale tu kipande kinapopigwa safi mara kadhaa mfululizo. Simu hiyohiyo inaweza kumrekodi mpigaji, na hapo huwa pana mshangao, kwa kuwa mtu akiwa anapiga hujisikia anakwenda sawa, lakini akijisikiliza baadaye anagundua anakimbia.

Dakika 15 au 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili. Mwili hujifunza mwendo mpya kidogo kidogo, na usingizi husaidia ubongo kuimarisha kile kilichofanyiwa mazoezi mchana. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto zitauma wiki za mwanzo, kisha zitaota sugu. Anayeumia sana atumie gitaa lililotengenezewa nyuzi za nailoni, ambazo ni laini kuliko za chuma.

Kipimo cha ulimi

Sasa turudi kwa watoto. Nyumba zetu ni ndogo na kuta hazifichi sauti. Mtoto anasikia kipande kilekile kikiharibika Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Anasikia pia baba anasema nini kinapoharibika.

Baba akilitupa gitaa kitandani na kusema “mimi sina kipaji”, mtoto amepata somo. Kesho, hesabu ya sehemu ikimshinda, atakuwa na maneno tayari: “mimi sina kichwa cha hesabu.” Na baba aliyeyatoa maneno hayo kwanza hatakuwa na la kumjibu.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi. Baba anayehangaika wiki tatu na sekunde sita za wimbo, tena wimbo alioupenda na kuuchagua mwenyewe, anaweza kweli kumwita mtoto “mzito” kwa sababu amekosea kuzidisha kwa 7 mara ya pili? Hapo gitaa linageuka kioo. Anayejifunza upya akiwa mtu mzima anakumbuka aibu ya kukosea ukiwa unatazamwa. Anakumbuka kwamba kupigiwa kelele hakukifanyi kidole kiende panapotakiwa, bali hukikakamaza.

Na ile njia ya “Masanga” inafaa kwenye daftari pia. Badala ya kumwambia mtoto “anza upya kurasa zote”, mzazi atafute mahali hasa panapokwama. Mara nyingi mtoto aliyeshindwa swali zima ameshindwa hatua moja tu. Hatua hiyo ikatolewe peke yake, ifanywe polepole, kisha irudishwe mahali pake.

Isiwe kisingizio

Tahadhari moja. Mazoezi yasigeuke njia ya kuikimbia nyumba. Baba anayejifungia chumbani saa mbili kila jioni wakati mama anapika, anaogesha watoto na kukagua madaftari, hafundishi uvumilivu. Anafundisha kwamba starehe ya mtu mmoja hubebwa na mgongo wa mwingine. Muda wa gitaa upangwe na mwenzi, ujulikane mwanzo na mwisho wake, na mama naye awe na wake wa jambo analolipenda. Majirani nao wakumbukwe: saa nne usiku si wakati wa kurudia kipande kimoja mara hamsini.

Wala mzazi asimlazimishe mtoto kuwa mwanafunzi wake. Gitaa liachwe mahali ambapo mtoto anaweza kuligusa. Akitaka kujaribu ajaribu, akichoka aende kucheza.

Mzazi asiyejua hata kuzitaja nyuzi sita za gitaa hajaachwa nje. Franco Luambo, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa Kongo, alilelewa na mama aliyekuwa akiuza maandazi sokoni, Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Akiwa mtoto alijitengenezea gitaa lake mwenyewe, akawa analipiga karibu na meza ya mama yake, na wateja wakawa wanavutika kusogea. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha OK Jazz. Mtoto yule alipata nafasi ya kupiga kelele zake za mwanzo karibu na mama, na nafasi hiyo mzazi yeyote anaweza kuitoa bure.

Kwa mtu mwenye kazi na familia, “Masanga” ni safari ya miezi mingi, na huenda asifikie kasi ya Mwenda kamwe. Si hasara. Wimbo ukipigwa nusu ya kasi, ukiwa safi, bado unasikilizika sebuleni. Na kwa kuwa watoto wameusikia ukijengwa kipande kwa kipande, wataujua kuliko mgeni yeyote. Siku moja mmoja wao, bila hata kuinua kichwa kwenye daftari, atasema: “Baba, leo pale pagumu umepita.”