Springi ya bastola si ekzosi ya boda

Sisi vijana wa Shanzu tunapenda kuboresha vitu. Mtu akinunua boda, mwezi haujaisha ashabadilisha ekzosi, taa na kiti. Sasa mtindo huo umefika kwenye bastola. Tafuta Glock 19 kwenye YouTube, utaona jamaa wa Marekani wakisifu springi za kupunguza teke, bei poa, zinatumwa kwa posta. Halafu unaanza kuwaza: mbona hii isiwe biashara?

Ngoja kwanza, tuelewe springi hiyo inafanya nini.

Risasi ikitoka, kile chuma cha juu cha bastola, yaani slaidi, kinarushwa nyuma na kutupa ganda. Springi inapunguza mwendo wake, kisha inausukuma mbele uchukue risasi nyingine na kufunga. Yote hayo kufumba na kufumbua.

Kwenye bastola fupi kazi ni ngumu zaidi. Slaidi ni nyepesi na safari yake ni fupi, kwa hivyo springi lazima iwe kali na ikae mahali padogo. Ndiyo maana inachoka mapema kuliko ya bastola kubwa. Baadhi ya watengenezaji huweka springi mbili, moja ndani ya nyingine, zigawane mzigo.

Sasa wewe weka springi laini. Slaidi itagonga nyuma kwa nguvu zaidi, na ikiwa kuna mchanga au kutu, huenda isifunge vizuri. Na huku kwetu pwani chumvi ya bahari inakula hata mabati. Weka kali kupita kiasi, slaidi haifiki nyuma, ganda linakwama. Kwa hivyo hakuna springi "bora" tu. Ukiongeza hapa, unapunguza pale.

Hata kiwanda chenyewe kimewahi kurekebisha. Glock walitoa kizazi cha nne mwaka 2010 kikiwa na springi mbili, na 2011 wakawaambia wateja wabadilishiwe springi bila malipo. Hao wana mainjinia na maabara. Wewe una bisibisi na video ya dakika nane.

Lakini maze, hatari kubwa kwako haiko kwenye chuma. Iko kwenye sheria.

Marekani mtu anaagiza springi kama anavyoagiza kava ya simu. Kenya sivyo. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haiangalii bastola nzima pekee, inagusa hata vipuri vyake. Kukarabati bunduki za watu kama biashara ni kazi ya aliyesajiliwa. Na serikali haijalala: Desemba 2018 iliwaamuru raia wote wenye leseni wahakikiwe upya. Kama mwenye leseni halali alipangishwa foleni, wewe usiye na karatasi yoyote utajieleza vipi?

Fikiria njia ambayo kijana wa hapa anaingizwa. Hatapewa bastola. Ataombwa tu jina lake litumike kupokea kifurushi, au fundi wa chuma ataambiwa akate kijifimbo kwa kipimo fulani. Kitu kidogo, elfu mbili mkononi. Aliyekutuma ana leseni na wakili. Wewe, ambaye polisi wanakusimamisha hata ukitoka dukani na mkate, ndiye utakayekutwa nacho mfukoni. Mahakama ya Shanzu, ile nchi nzima iliijua 2023 kwa kesi ya Shakahola, iko hapa hapa mtaani. Nauli ya kwenda ni rahisi. Dhamana sasa?

Kama una leseni, springi ikichoka mpelekee muuzaji aliyesajiliwa, uombe ya kiwanda, na uhifadhi risiti. Kama huna, na mtu anakuletea dili ya vipuri, muulize swali moja: mbona asipokee kwa jina lake mwenyewe? Akianza kuzungukazunguka, jibu ushapata. Endelea na boda yako.