Maximilian wa Tebessa: tumsimulie kama alivyokuwa

Tarehe 12 Machi ni kumbukumbu ya kijana aliyekatwa kichwa mwaka 295 huko Theveste, mji ambao leo unaitwa Tebessa, mashariki mwa Algeria. Wanaomjua ni wachache, na hata hao mara nyingi humsimulia kombo. Mfiadini huyu ni Mwafrika wa kaskazini, na maneno yake mbele ya hakimu yametufikia. Hakuna sababu ya kumwekea mengine kinywani.

Kuna wanaosema kwamba Maximilian ni yule padre Mpolandi. Huyo ni Maximilian Kolbe, Mfransisko aliyejitolea kufa badala ya mfungwa mwenzake kule Auschwitz mwaka 1941. Kati yao imepita miaka zaidi ya 1,600. Tuliache hilo.

Wengine husema kisa chake ni hadithi ya kutungwa. Ni kweli wapo wanazuoni wanaoyatilia shaka maandishi ya kesi yake, na wana haki ya kuyapima. Lakini yasome mwenyewe uone yalivyo makavu. Yanaanza kwa majina ya makonsuli wa mwaka ule, kama jalada lolote la mahakama ya Kirumi. Liwali Dio anaagiza kijana apimwe kimo, anapimwa, na karani anatangaza: futi tano na inchi kumi, kwa vipimo vyao. Hakuna simba anayepiga magoti wala malaika anayeshuka na taji. Mtunzi wa ngano angeona tabu gani kuongeza muujiza mmoja?

Dai linalorudiwa zaidi ni kwamba aliuawa kwa kuwa alikuwa Mkristo, basi. Hapo ndipo kisa chote kinapopotoshwa. Dhuluma kuu ya Kaisari Diocletian dhidi ya Wakristo ilianza mwaka 303, miaka minane baadaye. Mwaka 295 hakuna aliyemtaka Maximilian aitolee miungu sadaka. Alitakiwa aingie jeshini, kwa kuwa sheria ilimdai. Tena liwali mwenyewe alimkumbusha kwamba Wakristo wengine walikuwa wakitumikia katika vikosi vya watawala wote wanne, Diocletian, Maximian, Constantius na Galerius. Angekubali, angetoka pale na imani yake mkononi. Hukumu ilitaja kosa moja: kukataa utumishi wa jeshi. Alikataa kwa ajili ya Kristo, naam, lakini alichokikataa ni silaha.

Wapo wanaolijua hilo, kisha wanalipunguza makali. Wanadai alichokikataa ni ule muhuri wa madini ya risasi tu, ambao kila kuruta alivishwa shingoni, kwa kuwa ulinuka upagani. Muhuri aliukataa kweli, akasema akivishwa atauvunja, kwani alikwisha kutiwa alama ya Kristo. Lakini alikuwa amekataa jeshi kabla muhuri haujatajwa, akieleza kwamba hawezi kutenda uovu. Baadaye, aliporudia neno hilo, liwali akamuuliza: hao askari wanatenda uovu gani? Kijana akamjibu kwamba yeye liwali anajua fika wanayoyatenda. Katika jibu hilo sioni sanamu yoyote. Naona vita.

Wala tusivuke mpaka upande wa pili, tukadai Wakristo wote wa kale waliukimbia uaskari. Maximilian mwenyewe hakuwalaani waliokuwa jeshini. Alisema wao wanajua linalowafaa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 298, akida Marcellus aliuawa kule Tangier kwa kuutupa mkanda wake wa kijeshi, lakini kabla ya hapo alikuwa ameuvaa.

Limebaki moja linaloniuma kuliko yote: eti alikuwa mtoto mkaidi aliyemwaibisha mzazi. Baba yake, Fabius Victor, ndiye aliyemleta kuandikishwa, na alikuwa amekwisha kumtengenezea mavazi mapya ya kijeshi. Liwali alimwambia amshauri mwanawe. Mzee akajibu kwamba mwanawe ana akili zake na anajua linalomfaa. Basi. Hakumlilia wala hakumkemea. Akipelekwa kuuawa, Maximilian alimwomba baba yake mavazi yale mapya apewe askari atakayemkata kichwa. Mama mmoja, Pompeiana, aliomba mwili, akausafirisha hadi Karthago na kuuzika karibu na kaburi la Cyprian, askofu na mfiadini. Victor alirudi nyumbani kwake kwa furaha, akimshukuru Mungu. Aliyeaibishwa na mwanawe harudi hivyo.

Basi katekista au padre atakayemtaja kijana huyu tarehe 12 Machi awaambie vijana neno zima: alikuwa na miaka 21, alitakiwa kuwa askari wa Roma, akakataa.