Kiingereza Kifundishwe na Waliokisomea

Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani hapa Mohoro tarehe 4 Agosti, 1905. Habari zake Ndugu Ebrahim Hussein alizitungia tamthilia ya Kiswahili mwaka 1969, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Hizo ndizo lugha mbili tuzitakazo: ya kwanza imekomaa, ya pili imeegemea juu yake.

Kijana wa Mohoro, wa Salale au wa Mafia hana bahati hiyo. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za Serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza, hisabati, jiografia na baiolojia zote hugeuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari wa kujibu maswali hunyamaza kimya. Si mjinga, amenyang'anywa ulimi.

Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, waliona kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kufuatia masomo, na bado wakashauri Kiingereza kibaki. Tabibu gani huyo, apimaye homa kisha akaagiza mgonjwa aachwe juani?

Waliopita chuoni kwa maalimu watatuelewa. Chuoni mtoto huhitimu juzuu kwa kutamka. Maana huipata baadaye katika darsa, sheikh asomapo Kiarabu na kukifasiri kwa Kiswahili, neno kwa neno, mpaka kiingie. Kuhifadhi Kurani bila kujua maana ni ibada, na ina thawabu zake. Kuhifadhi usanisinuru bila kujua maana hakuna thawabu, na alama za mtihani ni chache. Walimu wengi wa sekondari huiendesha darsa hiyo kwa kificho, wakichelea mdhibiti ubora. Jambo linalofanywa kwa kificho haliwezi kusahihishwa.

Wako wazazi wa visiwani watakaouliza: mwataka kuwanyima watoto wetu Kiingereza? La hasha. Twataka wakipate kweli, kwa mwalimu aliyesomea namna ya kumfundisha mtu lugha isiyo yake. Elimu hiyo ipo. Vyuo vikuu vyetu hutoa shahada za uzamili katika isimu na ualimu, na Chuo Kikuu Huria humfikia mwalimu akiwa kazini. Lakini aipataye shahada hiyo twamwona akipanda basi la Dar es Salaam, na mwalimu wa delta, ambaye safari yake ya wilayani hungoja maji yajae, hapati hata habari kwamba nafasi zimetangazwa.

Twaziomba halmashauri za Rufiji, Kibiti na Mafia zitenge nafasi za uzamili kwa walimu walioko vituoni, kwa mkataba wa kurudi, na nyumba ya kurudia iwepo. Tasnifu zao zitokane na madarasa ya huku huku: neno gani libaki Kiingereza, lipi lifasiriwe, na kwa kidato kipi. Na kwa kuwa maombi siku hizi hutumwa kwa mtandao, maofisa elimu wa kata wayabebe ya wale ambao mnara wa simu haujawafikia.