Kitanda Peke Yake Hakitoshi

Kila inapotajwa haja ya kujenga hosteli za vyuo kwa kujali mazingira, jibu huwa lilelile: hayo ni mambo ya nchi tajiri, sisi tuna upungufu wa vitanda, tujenge kwanza, mengine yatafuata. Kauli hii inasikika kama huruma kwa mwanafunzi, hasa yule anayelala kwa kubebana. Lakini inachukulia kwamba kujali mazingira ni kununua vifaa vya kuongeza jengo likishakamilika. Sehemu yake kubwa huamuliwa kwenye mchoro, kabla msingi haujachimbwa, na ikikosewa hapo hairekebishiki tena.

Chukua Dar es Salaam. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Linalotesa ni lile la asubuhi na la alasiri, linalopiga kuta za mashariki na magharibi. Jengo refu likilazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yakatazama kaskazini na kusini, huepuka sehemu kubwa ya joto hilo, na pepo za kaskazi na kusi hulipitia kila moja kwa msimu wake. Ligeuze robo mzunguko, kwa tofali zilezile na fundi yuleyule, na waliopangiwa upande wa magharibi watalala kwenye vyumba ambavyo kuta bado zinatoa joto la mchana. Na dirisha pia. La aluminiamu la kuteleza, ambalo siku hizi ndilo alama ya usasa, hufunguka nusu tu. Lile la zamani la vipande vya vioo vya kulaza hufunguka karibu lote. Tumeuza hewa tukanunua sura, na pengo linazibwa na feni ambayo mwanafunzi hujinunulia mwenyewe.

Maji nayo yana hesabu yake. Dar es Salaam hupata wastani wa mvua unaozidi milimita 1,000 kwa mwaka, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 500 likikusanya asilimia 80 ya mvua hiyo hutoa lita 400,000. Wanafunzi 200, kila mmoja akitumia lita 20 za choo na kufulia, huzimaliza kwa siku 100. Ni kweli kwamba mvua huja kwa masika na vuli, na hakuna tanki la hosteli litakalovuka kiangazi kizima kwa maji ya paa. Lakini kila siku ya masika choo kinaposafishwa kwa maji hayo, ankara hupungua. Na kiangazi tanki hilohilo huhifadhi maji ya bomba kwa siku za mgawo, kama ule wa Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua.

Hoja ya fedha ndiyo nzito zaidi, nayo imeshajibiwa Nairobi. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 4.3 za Kenya ili kujenga hosteli za wanafunzi kwa kiwango cha EDGE, kilichodai wakati huo matumizi ya nishati na maji, pamoja na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi, yapungue kwa angalau asilimia 20 kuliko ya jengo la kawaida. Walionunua hatifungani hizo walitafuta faida. Sikatai kwamba kodi ya hosteli za aina hiyo huwashinda wanafunzi wengi. Ila mwenye hosteli binafsi anajali ankara kwa sababu atailipa mwenyewe kila mwezi, wakati katika vyuo vya umma anayeidhinisha ujenzi mara nyingi siye atakayehangaika na umeme na maji miaka kumi baadaye. Ndiyo maana zabuni inayopimwa kwa bei ya kitanda pekee inamdanganya kila mtu. Baraza la chuo lidai takwimu mbili kabla ya kutia saini: gharama ya kujenga kitanda kimoja, na gharama ya umeme na maji ya kitanda hicho kwa miaka 20. Na msanifu aonyeshe juu ya mchoro, chumba kwa chumba, upepo unaingilia wapi na unatokea wapi.