Baba Mtanzania, Mwana Mkimbizi

Bibi yangu humtambua Mzigua kwa salamu. Siku alipokutana na fundi baiskeli wa Chogo pale Manundu, hapa Korogwe, walipiga soga la Kizigua hadi uji wake ukapoa. "Huyu anasema maneno ya mama yangu," aliniambia. Fundi huyo amezaliwa wilayani Handeni mwaka 1995. Si raia.

Wengi wetu wa Korogwe hatuijui habari hii, nami niliisoma nikiwa chuo kikuu, jambo la aibu kidogo. Katika karne ya 19 Wazigua waliobanwa na njaa walichukuliwa utumwani na kuvushwa hadi pwani ya Benadir. Waliotoroka wakajenga vijiji kando ya mto Juba, na lugha wakabaki nayo. Vita vya Somalia vya 1991 vikawarudisha: kwanza Mkuyu, kisha Chogo tangu 2003. Ilipofika 2014 walikuwa wakipokea vyeti vya uraia wa tajnisi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia.

Sasa tazama nyumba ya fundi. Baba alipata cheti 2014. Binti wa miaka 10 akaingia kupitia kwa baba, maana Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu Waziri kumpa uraia mtoto mdogo wa raia. Kitinda mimba alizaliwa 2015, raia tangu tumboni. Fundi alikuwa na miaka 19. Kwa sheria ni mtu mzima, aombe mwenyewe. Wakati wa zoezi alikuwa Tanga mjini akibeba mizigo. Aliporudi akaambiwa limepita. Wanakula sufuria moja, mmoja wao bado mkimbizi.

Najua jibu: mtu mzima ajitegemee, tena kuna watoto wa kubandika. La kwanza silikatai kwa mgeni aliyeshuka jana. Lakini huyu anajitegemea tayari. Anachokosa ni haki ya kukaa. Na la pili linanichekesha. Familia za wakimbizi zimeandikishwa jina kwa jina, miaka kabla ya mtu yeyote kuota cheti. Mtoto wa kubandika angebandikwa lini?

Hata Marekani, nchi isiyosifika kwa ukarimu wa mipaka, mzazi aliyepata uraia anaweza kumwombea ukaazi wa kudumu mwanawe mtu mzima, hata aliyeoa. Foleni ni ya miaka mingi, ila ipo. Ndugu zao hawahawa waliochukuliwa kutoka kambi za Kenya wanaishi Lewiston, Maine. Mjomba wa huko ana foleni ya kupanga. Baba wa Chogo hana.

Na sisi, ambao kwa miaka tumejadili hadhi maalumu kwa diaspora wenye asili ya Tanzania, tunamaanisha asili ipi? Ya aliyeondoka kwa ndege tu? Babu wa fundi aliondoka kwa kamba.

Ninachodai ni kidogo: mwana yeyote aliyeandikwa kwenye faili la mzazi kabla ya tajnisi apewe ukaazi wa kudumu siku mzazi anapokula kiapo, awe na miaka 17 au 27. Uraia ataomba baadaye kwa nafasi yake.

Juzi fundi alinipa fomu nimsomee. Penye uraia wa baba alishaandika, kwa herufi kubwa. Penye uraia wake aliniuliza, "Dada, hapa watu huandika nini?"