Kalenga imo ndani ya Mkataba wa Versailles

Kalenga si mbali na Iringa mjini. Katika makumbusho yake kuna sanduku la kioo, na ndani ya kioo limewekwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Nilisimama hapo siku moja na wanafunzi wa Kidato cha Sita, wengi wa tahasusi za sanaa, HGL na HKL, pamoja na wachache wa PCB ya sayansi waliodandia safari. Nilikuwa nimewagawia nakala ya kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, kinachoitaka Ujerumani ilitoe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Kijana mmoja wa PCB akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza: "Samahani mwalimu, kama Wajerumani walipewa miezi sita, mbona fuvu lilichukua miaka zaidi ya thelathini? Hakukuwa na wa kuwashitaki?"

Swali hilo halijanitoka. Mkataba ulisainiwa 28 Juni 1919 na kuanza kutumika Januari 1920. Fuvu lilirudi Kalenga 19 Juni 1954, baada ya Gavana Twining wa Tanganyika kulifuata mwenyewe Bremen, Ujerumani. Tena, kifungu kiliagiza likabidhiwe serikali ya Uingereza. Wahehe, waliofiwa, hawakutajwa kama wenye haki. Ukitaka kumwonyesha mtu wa miaka kumi na minane jinsi haki inavyoweza kuandikwa vizuri kisha ikakosa msimamizi, na jinsi wakubwa wanavyogawana hata marehemu wa wengine, huna haja ya kitabu kutoka ng'ambo.

Lakini sheria tumeiachia chuo. Atakayebahatika ataisomea Ruaha au Chuo Kikuu cha Iringa, au Mzumbe tawi la Mbeya. Na hawa wengine? Muuguzi, fundi, mkulima wa viazi, mfanyabiashara wa Tunduma anayevuka mpaka kila wiki: wote hawa wamekuwa wakimaliza shule na notisi za General Studies (GS). Umoja wa Mataifa ulianzishwa 1945, una vyombo vikuu sita. Inakaririwa prepo, inamwagwa kwenye pepa, inasahaulika. Na kijana wa Kidato cha Sita tayari ana umri wa kupiga kura na kusaini mkataba wa ardhi.

Sipendekezi tahasusi nyingine. Mwaka 2024 zilifikishwa 65, na tahasusi ya sheria ingemwacha nje kijana yuleyule wa PCB. Ninachotaka ni vipindi viwili vya sheria kwa wiki kwa wote, bila mtihani, mezani pawe na nyaraka zenyewe.

Mbeya nako nyaraka hazikosekani. Reli ya TAZARA inayopita pale, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilizaliwa na siasa za dunia. Ian Smith alipoitangazia Rhodesia ya Kusini uhuru mwaka 1965, njia ya kusini ya shaba ya Zambia iliingia mashakani. Nchi za Magharibi ziliona reli hiyo haina faida zikakataa kuigharamia. China ikatoa mkopo usio na riba, makubaliano yakasainiwa Beijing Septemba 1967. Mwaka 2024, Beijing hiyohiyo, ikasainiwa hati ya kuifufua mbele ya Rais Samia, Hichilema na Xi. Wagawe wanafunzi makundi matatu, Tanzania, Zambia na China, uwaambie wakubaliane nani abebe hasara treni zikisimama. Hapo hakuna wa kukariri.

Najua walimu wamelemewa, na muhula wa mwisho unamezwa na maandalizi ya mtihani wa Mei. Hofu nzito zaidi ni nyingine: mwalimu anayeigusa Katiba darasani huogopa kuitwa mwanasiasa. Hofu hiyo siibezi, maana nimeiona usoni mwa wenzangu. Ndiyo sababu nasisitiza nyaraka. Katiba ya 1977 ipo kwa Kiswahili, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Mwanafunzi aisome mwenyewe, abishane na maandishi, mwalimu abaki kuuliza, "Umeliona wapi hilo?"

Kabla hatujaondoka Kalenga niliwaambia kwamba aliyepokea fuvu mwaka 1954 ni mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye kuanzia 1962 alikalia kiti cha Spika wa Bunge. Tukapanda basi. Kijana wa PCB alikuwa bado ameshika nakala yake, anapigia mstari maneno "miezi sita" kwa ile penseli anayochorea moyo na figo.